Kulipiwa mkopo wa chuo ukifanya kazi ya afya ya akili Marekani: anza na anayekulipa mshahara

Itoe ile W-2 ya mwaka jana kabatini, ile fomu ya mshahara na makato unayopewa na mwajiri kila mwaka. Juu kushoto kuna kisanduku chenye herufi b, na ndani yake tarakimu tisa: mbili, kistari, halafu saba. Hiyo ni EIN, namba ya mwajiri wako kwa watu wa kodi. Wengi wetu huwa tunaipita tu, tunakimbilia kuona tutarudishiwa shilingi ngapi. Ukiwa na deni la chuo, na kazi yako ni ya afya ya akili au ya kuwasaidia waraibu, tarakimu hizo zina uzito kuliko cheo chako na pengine kuliko cheti chako.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Miaka miwili na ushee nilikuwa kwenye kliniki ya jamii, nikifuatilia wagonjwa majumbani, nikiwapeleka kwa daktari, nikiwakumbusha dawa. Beji shingoni ilikuwa ya kliniki, na kliniki yenyewe ni shirika lisilotafuta faida. Kila mwezi nalipa mkopo, najiambia miaka kumi ya kungoja msamaha wa serikali si mingi. Siku niliyopeleka fomu ya msamaha ndipo nikaambiwa malipo yangu 26 ni sifuri. Mshahara wangu ulikuwa unatoka kwa ejensi iliyonipeleka pale, na ejensi ni kampuni ya biashara kama kampuni nyingine yoyote. Wenzangu wawili niliokuwa nakaa nao meza moja, walioajiriwa na kliniki yenyewe, zao zilihesabiwa zote.

Kwa hiyo mwongozo huu haufuati mpangilio unaoukuta kwingi. Watu hupenda kuanza na zile pesa kubwa, hamsini elfu, laki moja. Mimi nakuanzisha kwenye saa inayopaswa kuanza kukuhesabia leo, halafu hizo kubwa zitakukuta njiani.

Hatua ya kwanza: jua una mikopo ya aina gani

Ingia studentaid.gov kwa akaunti yako mwenyewe. Humo utakuta orodha ya mikopo yote uliyopewa na serikali kuu ya Marekani. Tafuta neno Direct kwenye jina la kila mkopo. Likiwepo, vizuri. Ukikuta FFEL au Perkins, mikopo ya zamani hiyo, itabidi uiunganishe iwe Direct ndipo iingie kwenye msamaha wa PSLF nitakaoueleza. Kuunganisha ni bure na kunafanyika hapo hapo kwenye tovuti.

Mikopo ya benki binafsi haimo kwenye orodha hiyo, na PSLF haiigusi kabisa. Usikate tamaa lakini, kwa sababu National Health Service Corps, mpango wa serikali wa kuwalipia mikopo wahudumu wa afya nitakaoueleza hatua ya tano, huwa inailipa, ilimradi ilichukuliwa kwa ajili ya masomo. Deni la HELB la Kenya au HESLB la Tanzania nalo haliingii PSLF. Hilo utalimalizana na nyumbani.

Onyo moja. Kuna kampuni zitakazokushawishi uchanganye mkopo wa chuo na deni la gari au la kadi, ulipe bili moja. Ukishachanganya, mkopo wote unapoteza sifa huko National Health Service Corps, hata ile sehemu iliyokuwa ya shule. Na ukiuhamishia mkopo wa serikali benki kwa sababu ya riba nafuu, PSLF umeiaga, na mlango huo haurudi nyuma.

Hatua ya pili: jua nani hasa anakulipa

PSLF, yaani msamaha wa mkopo kwa wanaotumikia umma, uliwekwa na sheria ya mwaka 2007. Sharti lake kwa ufupi: ulipe mara 120 ukiwa unafanya kazi saa 30 au zaidi kwa wiki kwa mwajiri anayekubalika, na deni linalobaki linafutwa, bila kodi ya serikali kuu. Malipo 120 ni miaka kumi, ila si lazima yafuatane. Ukiacha kazi ukalea mtoto mwaka mzima kisha ukarudi, yale ya nyuma hayapotei.

Mwajiri anayekubalika ni nani? Serikali ya ngazi yoyote: mji, kaunti, jimbo, serikali kuu, shule za umma, hospitali za maveterani. Wa pili ni shirika lisilotafuta faida lenye hadhi ya 501(c)(3), na hapo ndipo ziliko kliniki nyingi za jamii, vituo vya afya ya akili, na mashirika yanayopokea wakimbizi. Kuna na mashirika mengine machache yasiyo na hadhi hiyo lakini yanatoa huduma ya umma. Hayo yanaangaliwa moja moja.

Kuna jambo watu wetu hawalisikii, na ndilo zuri kuliko yote: PSLF haiulizi kazi yako. Mfagiaji wa hospitali ya kaunti, dereva wa kituo, mkalimani, anayepokea simu, msimamizi wa kesi, mshauri aliyepona uraibu na sasa anawashika wenzake mkono, wote wako sawa na daktari bingwa wa akili, mradi mwajiri anakubalika na saa zinafika. Haiulizi leseni. Haiulizi uraia pia. Kama serikali ilikukopesha ukiwa mkimbizi au una grini kadi, deni lako linasamehewa kama la mwingine.

Sasa zile nyumba za kikundi, wanamoishi na kuhudumiwa wagonjwa wa akili na wenye ulemavu, ambako wengi wetu tunapiga shifti za usiku. Ukienda Phoenix, Columbus, Seattle, utakuta ndugu zetu wamejaa humo, wengine wakiwa wafanyakazi, wengine wenye nyumba. Nyingi ni LLC, biashara ya mtu. Haijalishi kwamba wakazi wake wanalipiwa na Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, haijalishi kwamba kazi ni ileile na pengine ngumu zaidi. Mwajiri ni biashara, basi hesabu haisogei. Sisemi uache kazi. Nasema ujue. Dada mmoja wa Goma alinipigia akiwa nyumba kama hiyo mwaka wa tatu. Nikamuuliza, "Dada, nani kaandikwa kwenye W-2?" Akaenda kuangalia, karudi kimya. Kesho yake akaanza kuomba kazi kwenye bodi ya afya ya akili ya kaunti, mshahara pungufu ya dola moja na nusu kwa saa. Kwa deni lake, hiyo dola na nusu inarudi mara nyingi.

Ejensi ni mtego wa pili. Anayehesabiwa ni anayekuandikia W-2. Ulipofanyia kazi ni habari nyingine. Ukilipwa kwa 1099, yaani wewe ni mkandarasi wako mwenyewe, pia hauingii. Kuna mwanya mdogo kwa majimbo kama California na Texas, ambako sheria ya jimbo inazuia hospitali kuajiri madaktari moja kwa moja, lakini mwanya huo umetengenezwa kwa madaktari. Sisi wengine haututoshi. Mkubwa wa kituo akikupenda, mwombe akuajiri moja kwa moja. Mimi nilifanya hivyo kwenye kituo kilichofuata, ikachukua miezi minne na barua pepe zisizo na idadi.

Kuhusu saa: ukiwa na vikazi viwili, saa 20 kituo cha jamii na 12 kwa kaunti, zinajumlishwa kuwa 32, na zinatosha. Ila waajiri wote wawili lazima wakubalike na wote wawili wasaini.

Kuhakiki mwajiri ni kazi ya dakika tano. Ndani ya studentaid.gov kuna chombo cha PSLF cha kumtafuta mwajiri. Ingiza zile tarakimu tisa, kitakuambia kama anakubalika. Fanya hivyo kabla ya kusaini mkataba wa kazi mpya. Kwenye usaili, ukiambiwa uulize maswali, uliza EIN yao. Watashangaa kidogo, watakupa.

Na usihakiki mara moja ukalala. Oktoba 2025 Wizara ya Elimu ilitoa kanuni, ya kuanza Julai 2026, inayompa waziri uwezo wa kumwondoa mwajiri kwenye orodha akionekana ana shughuli kubwa zilizo kinyume cha sheria, na mambo ya uhamiaji yametajwa humo. Ukifanya kazi na shirika la wahamiaji, mwangalie mwajiri wako kila mwaka.

Hatua ya tatu: chagua mpango wa kulipa unaofuata kipato

Hapa ndipo watu huzikwa na nia njema. Ule mpango wa kawaida wa miaka kumi unahesabiwa kwenye PSLF, ndiyo, ila ukimaliza malipo 120 hakuna kilichobaki cha kusamehewa. Umelipa mwenyewe mpaka senti ya mwisho. Msamaha una maana kama unalipa kidogo kwa kufuata kipato, na baki lifutwe.

Mipango ya kufuata kipato (SAVE, PAYE, ICR na IBR) imevurugwa sana miaka hii. SAVE ilikwamishwa mahakamani mwaka 2024 na waliokuwemo wakawekwa pembeni, hawadaiwi wala hawahesabiwi. Kama bado umo, toka. Miezi inayopita humo haikusogezi hata hatua moja kuelekea 120. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inaizika SAVE pamoja na PAYE na ICR ifikapo Julai 2028, IBR inabaki kwa wenye mikopo ya zamani, na unaletwa mpango mpya uitwao RAP kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Atakayekopa upya kuanzia tarehe hiyo hatakuwa na chaguo la kufuata kipato zaidi ya RAP.

RAP unahesabika hata kwenye meza ya jikoni. Chukua kipato cha mwaka kilichoandikwa kwenye fomu ya kodi baada ya makato ya awali, kile wanachokiita AGI. Kikiwa kati ya dola 40,000 na 50,000, unalipa asilimia 4 yake kwa mwaka. Kwa kila elfu kumi kinachopanda, asilimia inapanda kwa moja, mwisho 10. Kikishuka, inashuka hivyo hivyo. Kisha unapunguziwa dola 50 kwa mwezi kwa kila tegemezi uliyemwandika kwenye kodi. Malipo hayashuki chini ya dola 10.

Tuseme una AGI ya dola 45,000 na watoto wawili. Asilimia 4 ni dola 1,800 kwa mwaka, ambazo ni 150 kwa mwezi. Toa 100 za watoto, inabaki 50. Mkopo wa dola 60,000 kwa riba ya asilimia 6 kwenye mpango wa kawaida ungekudai kama dola 666 kila mwezi. Hamsini kwa mia sita sitini na sita: ndiyo maana nakwambia mpango wa kulipa ni nusu ya mchezo.

Tegemezi anayehesabiwa ni yule watu wa kodi wanamkubali. Mama yako Bukavu unayemtumia dola 200 kila mwezi, wadogo zako Kigoma unaowalipia ada, hawamo. Sheria ya kodi inataka tegemezi awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Najua inauma. Usijaribu kuwaingiza kwa mlango wa nyuma.

Mlio kwenye ndoa, jueni kwamba mkijaza kodi pamoja kipato cha wote wawili ndicho kinachopigiwa hesabu. Mkijaza kila mtu yake, kinaangaliwa cha mkopaji peke yake. Lakini kodi yenyewe inaweza kupanda, na majimbo kama Texas na Arizona yana sheria zake za mali ya wanandoa. Fanyeni hesabu zote mbili kwenye karatasi, mkiwa wote wawili mezani.

Ukikwama mwezi mmoja na kupiga simu kwa kampuni inayosimamia mkopo, jambo rahisi watakalokupa ni kusimamisha malipo kwa muda. Linasikika tamu. Miezi hiyo kwa kawaida haihesabiwi. Waombe badala yake wakukadirie upya kwa kipato chako cha sasa.

Hatua ya nne: fomu, kila mwaka, hata kama hukulazimishwa

Ukitumia kile chombo cha PSLF, kitakutengenezea fomu yenye jina la mwajiri, tarehe uliyoanza, na saa zako. Unasaini kwa kompyuta, kisha unaandika barua pepe ya mtu wa rasilimali watu atakayesaini upande wa mwajiri. Muulize kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kusaini na barua pepe yake sahihi. Fomu nyingi zinafia kwenye kapu la barua taka la mtu aliyeacha kazi mwaka juzi.

Sheria haikulazimishi kupeleka kila mwaka, unaweza kungoja mpaka 120. Usingoje. Vituo vya jamii vinafungwa, vinaungana, vinabadilisha majina. Mkuu wako anahama. Miaka kumi baadaye utamtafuta nani akuthibitishie saa zako za 2027? Mimi napeleka kila Februari, W-2 ikishaingia, na tena siku ninayoaga kazi, kabla sijarudisha funguo na beji.

Ikisharudi, angalia namba ya malipo yaliyokubaliwa. Ikipungua, lalamika kwa maandishi, ambatanisha historia ya malipo. Kosa lao unalipigania wewe.

Hatua ya tano: pesa kubwa za HRSA

Sasa zile hadithi za hamsini elfu. Ni za kweli. HRSA, idara iliyo chini ya wizara ya afya, inasimamia National Health Service Corps. Wao hawasubiri miaka kumi. Wanakupa fedha mwanzoni, zinaingia benki kwa mkupuo, na wewe unaenda kulipa mkopo, halafu unatumikia miaka mliyoandikiana, mahali penye uhaba wa wahudumu.

Viwango vya miaka ya karibuni kwa watu wa afya ya akili: mpango wa kawaida, hadi dola 50,000 kwa miaka 2. Wa wanaotibu uraibu, hadi 75,000 kwa miaka 3. Wa vijijini, hadi 100,000 kwa miaka 3. Kuna na ndugu yao mwingine, STAR, wa matibabu ya uraibu, hadi 250,000 kwa miaka 6 mfululizo, kwa saa kamili za kazi tu. Hii mitatu ya kwanza unaweza kuifanya kwa nusu ya saa za kazi kwa wiki, na fedha nazo nusu. Za National Health Service Corps hazikatwi kodi ya serikali kuu. Mwaka 2024 waliongeza hadi dola 5,000 kwa anayejua Kihispania. Kiswahili hakikuwemo, ingawa kuna kliniki Kentucky na Maine ambazo bila sisi zingekuwa zinazungumza na wagonjwa kwa vidole.

Kabla hujaruka, pita kwenye milango hii mmoja mmoja.

Uraia. National Health Service Corps inataka raia, wa kuzaliwa au wa kuapishwa. Grini kadi haitoshi. Hapa ndipo wengi wetu tunagonga mwamba. STAR inampokea mwenye grini kadi. Kwa hiyo piga hesabu ya uraia wako sasa. Aliyekuja kama mkimbizi, grini kadi yake inaandikwa kuanzia siku aliyoingia Marekani, si siku aliyoipokea, kwa hiyo ile miaka mitano ya kungoja uraia inaanza uwanja wa ndege. Watu wanakaa mwaka mzima zaidi bila kujua wameshafikia.

Leseni. Mipango ya kawaida inataka mtu mwenye leseni ya kufanya kazi bila kusimamiwa: mwanasaikolojia, ofisa ustawi wa jamii wa kliniki, mshauri nasaha, mtaalamu wa ndoa na familia, muuguzi bingwa wa akili, daktari wa akili. Mpango wa uraibu na ule wa vijijini unaongeza washauri wa uraibu na wauguzi wenye leseni. Kama ndiyo kwanza umemaliza shahada ya pili na unahesabu zile saa za kusimamiwa, ambazo kwa majimbo mengi ni maelfu, huu si wakati wako bado. Ila saa yako ya PSLF inatembea, ukiwa kwa mwajiri sahihi.

Mahali. Kituo chenyewe lazima kiwe kimeidhinishwa, na kiwe kwenye eneo lililopewa alama za uhaba. Alama za afya ya akili zinaenda mpaka 25, na kadiri zilivyo juu ndivyo unavyotangulia kwenye foleni ya fedha. Kwenye Health Workforce Connector ya HRSA utaona vituo vilivyoidhinishwa, nafasi za kazi na alama. Vituo viwili mtaa mmoja vinaweza kuwa na alama tofauti kabisa. Ukiwa bado unatafuta kazi, hii ndiyo orodha ya kuanzia.

Maombi. Dirisha hufunguliwa mara moja kwa mwaka, kwa wiki chache tu. Utatakiwa kuonyesha uraia, na kwa kila mkopo karatasi mbili: salio la hivi karibuni, na ushahidi wa lini ulikopeshwa na kiasi gani cha mwanzo. Zipakue mapema. Halafu kuna mtu wa kituo chako anayepaswa kuthibitisha ajira yako kwenye mfumo wao. Asipofanya, maombi yako hayajakamilika, hata kama wewe umemaliza kila kitu. Mjue kwa jina, mpe taarifa wiki mbili kabla, mkumbushe. Mpelekee chai na mandazi kama ndicho kinachotakiwa.

Sasa mkataba, na hapa naomba usome taratibu. Ukiuvunja, unarudisha fedha za muda ambao hukutumikia, unaongezewa dola 7,500 kwa kila mwezi uliobaki, pamoja na riba. Kiwango cha chini ni 31,000. Mfano: ulipewa 50,000 kwa miezi 24, ukaacha ikiwa imebaki 10. Sehemu ya fedha ni kama 20,800. Miezi kumi mara 7,500 ni 75,000. Unadaiwa zaidi ya 95,000 kabla riba haijaingia, karibu maradufu ya ulichopewa. Ugomvi na msimamizi wako si sababu ya kusamehewa. Ukitaka kuhama, omba kwanza uhamishiwe kituo kingine kilichoidhinishwa, ungoje jibu, ndipo uondoke. Ukiondoka kwanza, umejifunga kamba mwenyewe.

Kila mwaka wa mkataba unaruhusiwa kuwa nje ya kituo kama siku 35 za kazi, na humo kuna likizo, ugonjwa, sikukuu, semina, kila kitu. Zinazozidi zinarefusha mkataba. Kwetu hili si dogo. Msiba Mwanza na tiketi ya siku tatu angani, au harusi ya mdogo wako Mombasa ambayo haiwezi kuwa chini ya wiki mbili, vinakula siku hizo haraka. Mwaka wa mkataba usizichezee siku za mwanzo. Likizo ya uzazi nayo inakubalika, ila mwisho wa mkataba unasogezwa mbele.

Na je, ukiwa na PSLF, uingie pia huku? Inawezekana, PSLF haihesabiwi kama mkataba wa utumishi. Lakini kaa na kalamu. Ukiwa umeshafika malipo 95, na deni litafutwa miaka miwili ijayo, kuchukua mkataba wenye adhabu kama hiyo ili ulipe deni ambalo lingejifuta, mimi nisingeshauri. Ukiwa ndiyo kwanza unaanza, una leseni, una uraia, na deni ni hamsini elfu, chukua. Miaka miwili umelimaliza.

Hatua ya sita: jimbo lako, na bosi wako

Majimbo yana mipango yao. Massachusetts wana MA Repay, New York kuna wa ofisi ya afya ya akili ya jimbo, Minnesota unasimamiwa na idara ya afya, Colorado wana Health Service Corps yao, Texas wana wa wataalamu wa afya ya akili unaowachukua mpaka washauri wa uraibu wenye leseni. Ule unaotumia fedha za HRSA, uitwao SLRP, nao unadai uraia. Inayotumia fedha za jimbo ina masharti yake, na mingine inawachukua watu wasio na leseni kamili. Andika jina la jimbo lako na maneno ya mkopo na afya ya akili, ufungue tovuti ya serikali inayoishia na .gov.

Bosi wako naye anaruhusiwa kukulipia mkopo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Ilianza kama jambo la muda mwaka 2020, sheria ya 2025 ikaifanya ya kudumu. Vituo vinavyohangaika kupata wafanyakazi vinakubali, ukiomba. Omba siku ya kukubali kazi, wakati bado wanakuhitaji.

Kuhusu wale wanaojaza fomu kwa malipo

Kwenye kila jumuiya yetu kuna kaka mmoja anayejua mambo. Anajaza kodi, anajaza uhamiaji, sasa anajaza na mikopo, dola 300. Wengine wanapiga simu wakisema wao ni kituo cha msamaha wa mikopo, lipa leo deni lifutwe wiki ijayo. Fomu zote nilizozitaja hapa ni bure. Nywila ya studentaid.gov usimpe mtu yeyote, awe mchungaji, awe shemeji. Anayeishika anaweza kubadilisha anwani yako na mpango wako wa malipo, nawe usipate habari mpaka bili imekuja mara tatu.

Kama Kiingereza cha fomu kinakusumbua, mwombe mwenzako wa kazini mkae pamoja, wewe ndiye unayebonyeza. Yeye asome, wewe uandike.

Faili langu mwenyewe ni la plastiki, la bluu, linakaa juu ya friji mbali na watoto. Ndani kuna W-2 zote tangu nilipoanza, nakala ya kila fomu ya PSLF na siku niliyoituma, picha ya ukurasa wenye hesabu ya malipo kila Februari, barua ya kuajiriwa yenye saa kwa wiki, na karatasi moja niliyoiandika kwa kalamu: EIN ya kila mahali nilipofanya kazi. Ile ya ejensi nimeipigia mstari mwekundu.